Swichi Haikati Stima, Hewa Ndiyo Hukata

Disemba iliyopita nilikuwa kwa shosh, nje kidogo ya Nyahururu. Anko wangu alikuwa ameweka pampu ya sola ya kuvuta maji kisimani: paneli sita zimeungwa moja baada ya nyingine, volti kama 240 hivi za DC. Fundi alikuwa amemwekea swichi ya kawaida tu, ile ya ukutani ya kuwashia shawa ya maji moto. Ilikaa poa, nyeupe, na kataa kekundu kake.

Saa sita mchana, jua limewaka vizuri, anko akaizima. Pampu haikusimama. Ndani ya swichi kukaanza mlio kama wa mafuta yanayokaanga chapo, ukuta ukamulikwa na mwanga wa buluu-mweupe kama wa fundi wa welding, halafu plastiki ikaanza kuyeyuka. Mimi nilisimama tu nikiwa nimeshika simu, sijui nilikuwa narekodi nini. Anko, ambaye hajawahi kukaa kwa darasa la fizikia, alikimbia nje, akanyakua turubai la kufunikia mahindi, akalitupa juu ya paneli. Ule moto ukafa papo hapo.

Hakuna aliyeumia. Lakini nilirudi Nairobi na swali moja kichwani. Swichi ilikuwa imezimwa. Kitufe kilikuwa upande wa kuzima, niliona kwa macho yangu. Mbona stima iliendelea kupita?

Kumbe hili swali watu wamehangaika nalo kwa zaidi ya miaka 200, na historia yake hakuna mtu alitufunza. Shuleni tuliambiwa Edison na balbu, Edison na balbu, mpaka mtihani ukaisha. Swichi je? Kimya. Kwani hizo taa zilikuwa zinazimwa na nani?

Tuanze na kitu chenyewe. Swichi ni vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Ukivitenganisha, havitengani mara moja kote. Kuna sehemu ndogo sana ya mwisho inayobaki ikigusana, na stima yote inasongamana kupita hapo. Hiyo sehemu inapata joto, inayeyuka, inageuka mvuke. Sasa kati ya vyuma viwili una mvuke wa chuma na hewa yenye joto kali ajabu, nyuzi elfu kadhaa za Selsiasi, na hewa ya namna hiyo si hewa tena: elektroni zake zimebanduka, inapitisha stima karibu kama waya. Huo ndio moto wa buluu. Wahandisi wanauita arki. Fundi wa jua kali anautafuta makusudi achomelee geti lako. Mtengenezaji wa swichi anauogopa.

Kwa hiyo swichi ikifunguka, yenyewe haijakata kitu. Imefungua mlango tu. Baunsa anayesimama hapo mlangoni kusema "hupiti" ni hewa. Na baunsa si yule yule kila mahali. Kuna mahali ana kilo 120, kuna mahali amekonda.

Mtu wa kwanza kuandika vizuri kuhusu hili la baunsa kukonda ni Humphry Davy, mwanakemia Mwingereza wa Royal Institution kule London. Alikuwa na betri kubwa kuliko zote za wakati wake, jozi 2,000 za bamba za chuma. Mrusi mmoja, Vasily Petrov, alikuwa ameshaona arki kule St Petersburg mwaka 1802, lakini aliandika kwa Kirusi na Ulaya nzima ikampita tu kama matatu iliyojaa. Davy naye alichukua vipande viwili vya makaa, akavigusanisha, kisha akavivuta mbali polepole. Arki ikanyooka angani kama sentimita 10, imejipinda juu kidogo kama upinde, ndiyo maana ikapewa jina la tao.

Halafu akafanya kitu ambacho mimi nakiona ndicho cha maana zaidi. Aliweka vipande vile ndani ya chombo cha kioo na kuanza kunyonya hewa kwa pampu. Jinsi hewa ilivyopungua, ndivyo cheche zilivyoruka mbali zaidi. Alipofikia presha ya chini ya sehemu moja kwa mia ya ile ya kawaida, aliweza kuivuta ile arki sentimita 15 hadi 18. Betri ile ile. Makaa yale yale. Kilichobadilika ni hewa tu. Aliyaandika haya kwa kitabu chake cha 1812.

Davy hakuwa anafikiria swichi. Alitaka mwanga, na kweli baadaye taa za arki zikawashwa kwa mitaa ya Paris na London. Ilibidi stima iingie majumbani ndipo watu wagundue kwamba ule mwanga mtamu wa barabarani ukitokea ndani ya swichi unachoma nyumba. Mwaka 1884 John Henry Holmes, mhandisi wa Newcastle, akatengeneza swichi yenye springi inayorusha chuma kwa kasi ukishapita katikati, hata kama mkono wako ni mzito. Ule mlio wa "tak" unaosikia kila usiku ukizima taa ni wazo la Holmes. Usiruhusu arki ipate muda wa kukaa. Kimbia.

Sasa tuje kwa jamaa ambaye ningependa awe maarufu kuliko alivyo. Friedrich Paschen, Mjerumani, mwaka 1889 alikuwa na miaka 24. Yaani rika letu. Alichukua vyuma viwili ndani ya gesi, akawa anabadilisha umbali, anabadilisha presha, na kila mara anapima ni volti ngapi zinahitajika ili cheche iruke. Kazi ya kuchosha ile mbaya, namba baada ya namba. Na namba zikamwambia kitu cha ajabu: umbali peke yake si muhimu, presha peke yake si muhimu. Muhimu ni ukizidisha moja kwa nyingine. Punguza presha nusu na uongeze umbali mara mbili, volti inabaki pale pale.

Ngoja niieleze vile mimi niliielewa. Fikiria uko Muthurwa saa kumi na mbili jioni na unataka kukimbia umwangushe mtu (usifanye). Hutaweza. Kabla hujapata kasi ushagonga mama wa nyanya, ushakanyaga mtu, ushasimama. Elektroni kwa hewa nzito iko hivyo. Inavutwa na volti, inataka kukimbia, lakini kila hatua inagonga molekuli na kupoteza kasi.

Sasa watu wapungue, wabaki wachache. Una nafasi ya kuchukua mbio, na ukimgonga mtu, unamgonga kweli. Anaanguka, anasukuma mwingine. Elektroni ikigonga molekuli kwa nguvu, inabandua elektroni nyingine. Sasa ziko mbili, zote zinakimbia. Halafu nne. Halafu nane. Hapo ndipo hewa inashindwa na cheche inaruka. Kwa hiyo hewa ikikonda, kazi ya stima inakuwa rahisi.

Lakini endelea kutoa watu. Muthurwa iwe tupu kabisa, saa tisa usiku, mvua inanyesha. Sasa una mbio zote duniani lakini hakuna mtu wa kugonga. Unavuka soko lote peke yako bila kumwangusha mtu. Elektroni inafika ng'ambo bila kubandua chochote, hakuna msururu, hakuna cheche. Ukichora namba za Paschen kwa karatasi, mstari unashuka, unafika chini, halafu unapanda tena kwa kasi. Ule upande wa pili, mahali karibu hapana hewa, stima inazuiwa vizuri kuliko hata kwa hewa nzito.

Pale chini kabisa kwa mstari, kwa hewa ya kawaida, ni kama volti 330. Chini ya hapo cheche haiwezi kuzaliwa yenyewe kwa njia hiyo, upende usipende. Stima ya nyumbani kwetu ni volti 240 lakini hiyo ni wastani wa aina fulani. Kilele chake kila mara kinagusa kama 340. Tuko juu ya ule mstari kwa nywele tu. Sijui kama ni bahati ama nini, lakini nilicheka nilipopiga hiyo hesabu.

Kabla mtu wa uhandisi hajanirukia: ndiyo, kuzaliwa kwa cheche na kuzimwa kwa arki si kitu kimoja. Paschen alipima cheche inavyozaliwa pale ambapo vyuma havijawahi kugusana. Arki ya swichi inazaliwa kwa kugusana, haihitaji ruhusa ya volti 330. Ndiyo maana hata betri ya gari ya volti 12 ukiilaza spana juu yake utaona cha mtema kuni. Lakini ili arki ife, ile nafasi lazima ipoe na irudishe nguvu zake za kuzuia, na hapo presha inaingia mara mbili. Hewa nzito inabeba joto haraka, halafu ikishapoa inazuia vizuri. Hewa nyepesi inapoza polepole, halafu hata ikipoa, baunsa bado amekonda.

Joseph Slepian wa kampuni ya Westinghouse kule Marekani aliieleza vizuri mwaka 1928: ni mbio. Stima ya AC inapanda na kushuka, na kwa yetu ya mizunguko 50 inapita sifuri mara 100 kila sekunde. Kila ikifika sifuri arki inakata pumzi kidogo. Hapo mbio zinaanza: volti inarudi kupanda upande mmoja, na ile nafasi inarudisha nguvu upande wa pili. Nafasi ikishinda, stima imekatika. Volti ikishinda, arki inarudi. DC nayo haina sifuri. Haipumziki. Arki ya DC ikishashika, inakaa mpaka uivute mbali sana ama uitoe chakula. Anko aliitoa chakula kwa turubai.

Kwa hiyo karne yote ya 20 wahandisi wa stima walikuwa wanafanya kitu kimoja: kutafuta kitu kingine cha kukaa pale mlangoni badala ya hewa ya kawaida.

Kwanza walitumbukiza swichi kwa mafuta. Arki ikiwaka ndani ya mafuta inayageuza kuwa gesi, nyingi ikiwa haidrojeni, ambayo inapoza vizuri sana. Wakagundua pia kwamba ukiizingira arki na kijichumba kigumu, gesi yenyewe inajibana, presha inapanda, na arki inajizima kwa presha iliyoitengeneza. Wazo safi. Shida ni kwamba tangi la mafuta, gesi inayowaka na cheche si marafiki, na ilipokataa kuzima, ililipuka.

Halafu wakasema: kama hewa nzito ni bora, si tuifanye nzito zaidi? Wakatengeneza breka za hewa iliyobanwa. Kompresa inajaza tangi mpaka presha mara kumi na kitu, baadaye hata zaidi ya mara 30 ya ile tunayopumua, na swichi ikifunguka hewa inaachiliwa kwa nguvu ipite juu ya arki na kuipuliza kama mshumaa. Uingereza ilipojenga gridi yake ya volti 400,000 miaka ya 1960, ilitumia hizi sana. Kila moja ikifunguka inalia kama mzinga. Majirani wa vituo hivyo sijui walilala aje.

Upande wa pili wa mstari wa Paschen, ule wa Muthurwa tupu, ulichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1926, kule California Institute of Technology, Royal Sorensen na mwenzake Mendenhall walifunga swichi ndani ya chombo cha ombwe, yaani hewa yote imenyonywa, wakakata karibu ampea 900 kwa zaidi ya volti 40,000. Vyuma vilisogea kidogo tu. Hakuna mafuta, hakuna kelele, hakuna moto. Ungedhani kesho yake dunia nzima ingenunua. Wapi! Ilichukua zaidi ya miaka 30. Kioo na chuma havikuwa vinashikana bila kuvuja, na chuma chenyewe kina gesi ndani yake inayotoka arki ikikipasha joto, hivyo ombwe linajiharibu lenyewe. Ni mpaka mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, maabara zilipojifunza kusafisha chuma kabisa, ndipo kampuni kama General Electric zikaanza kuuza. Leo ukiona kile kisanduku cha chuma kwa kituo kidogo cha stima mtaani, kuna uwezekano mkubwa ndani yake kuna chupa tatu za ombwe, ukubwa kama wa termosi ya chai.

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi haiko kwa kituo cha stima. Iko angani.

Vita ya Pili ya Dunia. Wamarekani wanatengeneza ndege ya kivita P-47 Thunderbolt, ikaruka mara ya kwanza Mei 1941. Ina tabochaja kubwa ya kusaidia injini kupumua juu, zaidi ya mita 9,000, mahali presha ya hewa imebaki kama thuluthi moja tu ya ile ya chini. Injini inapumua poa. Lakini wakifika huko juu, injini inaanza kukohoa. Inakosa moto.

Mtu yeyote aliyewahi kufungua injini ya zamani ya Nissan anajua distribyuta: kile kidude kinachozunguka kikigawa cheche kwa kila plagi. Cheche inatakiwa kuruka kwa plagi, ndani ya silinda, ambako hewa imebanwa na bastola. Sasa fikiria. Ndani ya silinda hewa ni nzito mno. Nje, ndani ya distribyuta, hewa ni nyepesi kama ya mlimani mara mbili. Stima haina uaminifu kwa mtu, inachukua njia rahisi. Ikawa inaruka hapo hapo kwenye distribyuta na magneto, inaenda kwa chuma, plagi inabaki gizani. Jamaa yuko kilomita tisa juu, adui ako karibu, na injini inazimika kwa sababu ya namba ambazo kijana wa miaka 24 alizipima 1889.

Dawa yao ilikuwa rahisi ukishaijua: walifunga mfumo wote wa kuwasha na kuusukumia hewa. Waliipandisha hewa ya chini kule juu. Mpaka leo ndege zinajengwa na hofu hiyo hiyo. Miaka mingi zilibaki kwa volti 28 za DC na 115 za AC. Boeing 787 sasa inatumia 230 za AC na hata 270 za DC, chanya na hasi, na kila swichi iliyo nje ya sehemu yenye presha lazima ihesabiwe upya. Na hii ni ya kuwatania marafiki: ndani ya 787, mahali unapokaa, hewa inawekwa kama ya mita 1,800 juu ya bahari. Hiyo ni Nairobi. Ukitoka JKIA kwa Dreamliner unaenda Ulaya, umebebewa hewa ya nyumbani njia nzima.

Na hapo ndipo mimi nataka tuongee vizuri.

Stima ilikuja kwetu mwaka 1908 kwa njia mbili. Mombasa, mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliingiza jenereta. Mwaka huo huo mhandisi Clement Hertzel akapata kibali cha kuisambaza Nairobi. Kampuni zao ziliungana 1922 zikawa East African Power and Lighting. Kampuni moja, miji miwili, hewa mbili. Mombasa iko usawa wa bahari kama London. Nairobi ina kama asilimia 82 tu ya presha ya Mombasa. Eldoret chini ya asilimia 80. Timboroa, juu ya mita 2,700, kama asilimia 73.

Viwango vya vifaa vya stima duniani huandikwa na shirika linaloitwa IEC, lililoanzishwa 1906, makao yake Geneva. Kwa vifaa vya volti kubwa, hali ya kawaida kwa vitabu vyao ni mpaka mita 1,000 juu ya bahari. Kwa breka ndogo za nyumbani na viwandani ni mpaka mita 2,000. Ukipita hapo kuna mahesabu ya kuongeza. Kwa Nairobi, kifaa cha volti kubwa kinachozuiwa na hewa ya nje kinahitaji uwezo wa karibu asilimia 10 zaidi.

Mita 1,000. London iko chini ya hapo. Paris, Berlin, New York, Tokyo, Shanghai, Geneva yenyewe, zote chini. Sasa hesabu majiji yetu matano. Nairobi, juu. Nakuru, juu. Eldoret, juu. Kisumu ambayo tunaita joto na ziwa, mita zaidi ya 1,100, juu. Mombasa pekee ndiyo ya "kawaida". Kwa kitabu, Mkenya wa kawaida anaishi mahali pasipo pa kawaida.

Sisemi kuna njama. Wahandisi wetu wanaojenga vituo vikubwa wanajua haya vizuri, wanaagiza vifaa vilivyopimwa kwa kimo chetu, na vile vilivyofungwa ndani ya gesi ama ombwe havijali sana hewa ya nje iko aje, isipokuwa zile pembe za kauri zinazotokea nje. Mahali inapovunjika ni huku chini. Kati ya kontena, duka la hadiwea na fundi wa mtaa, ile karatasi ya maelezo hupotea. Kifaa kinafika mkononi kikiwa na volti na ampea tu. Hewa haijatajwa. AC na DC wakati mwingine haijatajwa. Na sasa kila boma linaweka sola, paneli zinaungwa mpaka volti mia kadhaa za DC, na swichi ni ile ya shawa.

Kuna jambo lingine limeanza, na litatufikia hivi karibuni. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanakemia Wafaransa Henri Moissan na Paul Lebeau walitengeneza gesi inayoitwa salfa heksafloraidi, kwa kifupi SF6. Ni nzito mara tano kuliko hewa, na elektroni ikipita karibu inanyakuliwa. Umeona zile video mtu anavuta gesi sauti inakuwa nzito kama ya Darth Vader? Hiyo ndiyo. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni za stima ziliipenda kuliko kitu chochote: ibane mara tano sita ndani ya tangi na itakata arki yoyote kimya kimya. Breka za hewa iliyobanwa zikatupwa. Shida ikaja kujulikana baadaye kwamba kilo moja ya SF6 inapasha dunia joto kama zaidi ya kilo 23,000 za kaboni dayoksaidi, na inakaa angani karne nyingi.

Umoja wa Ulaya umepitisha sheria mwaka 2024: kuanzia Januari 2026, vifaa vipya vya mpaka volti 24,000 visitumie gesi hizo, na vya volti kubwa vifuate kwa miaka inayokuja. Wanaweka nini badala yake? Chupa ya ombwe ya kukata arki, na kuizunguka hewa kavu iliyobanwa. Yaani baada ya miaka 200 wamerudi kwa Davy na Paschen: ama utoe hewa yote, ama uibane.

Swali langu, na nauliza kwa nia njema: vile vifaa vya zamani vya SF6 ambavyo Ulaya haitanunua tena, vitauzwa wapi? Na vile vipya vya hewa, vikifika hapa, nani atakagua kama geji yake ya presha ilipimwa kwa hewa ya Nairobi ama ya Hamburg? Kwa sababu geji ya kawaida inalinganisha ndani na nje, na nje yetu ni nyepesi. Mtu asiyejua atasoma namba sahihi na kupata gesi pungufu. Hiyo ni kazi ya mtu. Ni ajira, wasee. Kama uko TVET unasomea stima, uliza mwalimu wako kuhusu kimo kabla hujauliza kuhusu mshahara.

Anko alinunua swichi nyingine Januari, ya DC kweli kweli, imeandikwa volti 600, na ndani ina visahani vya chuma vya kukatakata arki vipande vidogo. Nilienda naye dukani. Nikageuza boksi kutafuta maandishi madogo, nikaona: mpaka mita 2,000. Pale dukani tulikuwa zaidi ya mita 2,300. Pampu yake ni volti 240, kwa hivyo bado kuna nafasi ya kutosha, na nilimwambia aichukue. Lakini nilimuuliza muuzaji kama ana yoyote ya kimo cha juu zaidi.

Akaniangalia. "Mita za nini, kijana? Hii ni swichi, si waya."